Aliyepewa Maiki, Kapewa na Nani?

Kila baada ya miaka mitano huku kwetu Pemba kuna maneno ambayo lazima yatasikika. Mtu kapanda jukwaani kamvua nguo mpinzani wa mgombea wake mbele ya wazee na watoto. Kataja rangi ya ngozi yake, asili ya babu yake, mpaka ndoa ya mama yake. Siku ya pili mgombea anaulizwa, naye anajibu kwa upole: "Yale si maneno yangu. Wale ni mashabiki, na mashabiki mnawajua walivyo." Yanaishia hapo. Aliyetukanwa anaambiwa asiwe na moyo mdogo, siasa ndivyo zilivyo.

Jibu hilo mimi silikubali, na leo nataka nieleze kwa urefu kwa nini silikubali. Uchaguzi wa 2025 umeshapita, wa 2030 bado uko mbali, kwa hivyo hakuna atakayesema nampigia mtu debe au namharibia.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Harusi, maulidi, mahafali za skuli, na zikifika kampeni, mikutano ya hadhara. Nimefunga spika kwa vyama mbalimbali, kuanzia Konde mpaka Mkoani, na chama changu mwenyewe sitakitaja kwa sababu ninalolisema linawahusu wote. Fundi mitambo hukaa pahala ambapo mpiga kura hakai: ubavuni mwa jukwaa, nyuma ya mikisa, ile mashine ya kurekebishia sauti, hatua chache tu kutoka meza kuu. Naona nani anamnong'oneza nani kabla ya kupanda. Naona mgombea anacheka kwenye neno gani na anakunja uso kwenye neno gani. Ukikaa hapo msimu baada ya msimu, ile habari ya kuwa mashabiki wamejisemea tu inakuwa nzito kuiamini.

Watu wengi hudhani maneno ya jukwaani yanazuka tu, kwamba mtu kapandwa na mori karopoka. Hapana. Mkutano wa kampeni una ratiba, na ratiba hiyo Tume ya Uchaguzi inayo na Polisi wanayo. Usiku wa kuamkia mkutano kamati inakaa, pengine kwenye baraza ya mwenyekiti wa tawi, na linapangwa nani atafungua kwa dua, nani ataimba, nani atachangamsha watu, nani atamkaribisha mgombea. Khasa huyo wa kuchangamsha ndiye anayejadiliwa zaidi. "Tumpate fulani," wanasema, "yule ana mdomo." Na husemwa kwa kumsifu. Wakati mwengine anatafutwa jimbo jengine kabisa, anatumiwa nauli ya boti au ya gari, anapewa fulana na kofia, anapikiwa, anapewa posho yake kabla hajapanda. Kila aliyekaa kwenye kikao kile anajua anachokwenda kukifanya, kwa sababu ndicho kilichowafanya wamtafute.

Halafu kuna kitu chengine ambacho mtu wa uwanjani hakioni. Mgombea anaimiliki maiki hata pale asipoishika. Akinitazama na kuinua kidole, maana yake niongeze sauti. Akipitisha kiganja shingoni, maana yake huyu anayezungumza muda wake umekwisha, nimpunguze, nipandishe muziki. Nimewaona wagombea wakiwakatisha makatibu wao, masheikh waliorefusha dua, hata wafadhili waliowachangia pesa. Wanajua kukatisha. Sijamuona anayekatisha tusi mara nyingi hivyo.

Na msinambie kwamba fundi angezima mwenyewe. Fundi akizima bila ya ishara ya meza kuu, uwanja mzima utasema katumwa na upande wa pili, na vijana watakuja kumuuliza kwa ngumi. Mamlaka ya kuzima yako kwa mwenye mkutano.

Nieleze alasiri moja. Ilikuwa wilaya ya Wete. Shehia naiacha, na chama nakiacha. Mgombea wa uwakilishi alikuwa mtu mstaarabu, mpole, msikitini kwao watu wanamtanguliza kuswalisha. Kabla yake akapanda kijana aliyeletwa kutoka jimbo jengine. Alianza kwa nyimbo, watu wakachangamka, kisha akamgeukia mpinzani. Babu wa yule mpinzani alitoka Bara zamani, miaka ya mavuno makubwa, kuja kuchuma karafuu. Akaoa hapa, akazaa hapa, na kaburi lake liko hapa. Kijana akasema: "Babu yake kaletwa na karafuu. Karafuu zimekwisha! Na yeye afanye nini?" Uwanja ukaitika: "Arejee kwao!" Akairudia. Akairudia tena, safari hii akiwaelekezea maiki watoto waliokuwa wamekaa mbele kwenye nyasi, nao wakaitika kwa sauti zao nyembamba.

Mimi nilikuwa nikimtazama mgombea. Alitoa leso akaiweka mdomoni, mabega yakimtikisika. Kisha akainamia upande wa jirani yake kama mtu mwenye jambo la kumwambia. Alipokaribishwa, sentensi yake ya mwanzo baada ya salamu ilikuwa hii: "Kwanza namshukuru sana mdogo wangu kwa kutuchangamsha." Halafu akahutubia kwa ufasaha kabisa: maji, barabara ya ndani, bei ya karafuu, dawa kwenye kituo cha afya. Hakutoa neno moja baya kinywani mwake. Ukiandika alichokisema yeye peke yake, ni safi kama karatasi.

Lakini lile neno la shukurani ndilo lililonikera, na mpaka leo ndilo nililonalo moyoni. Pale alilitia mkono tusi la mwenzake. Lilikuwa la kijana. Baada ya shukurani likawa la mkutano mzima na la mgombea wake.

Binti wa yule mpinzani alikuwa anasoma skuli ya msingi hapo hapo. Wiki ile ile watoto wenzake walikuwa na wimbo: karafuu zimekwisha, arejee kwao. Walimwimbia njiani, walimwimbia madrasa. Mama yake akawa anampeleka na kumrejesha mwenyewe. Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, bendera zikateremshwa kwenye miti, na wimbo ukabaki. Nimeusikia kwenye gari ya abiria ukiimbwa na kijana ambaye kwa umri wake hakuwa hata mpiga kura siku ile. Kama baba wa yule mtoto alishinda au alishindwa si hoja hapa.

Na fikirini uzito wa tusi lenyewe kwa kisiwa kama hichi. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika karafuu za Zanzibar. Watu wamekuja kwa ajili ya mti ule kutoka kila upande: wengine kwa hiari yao kutoka Makunduchi, kutoka Bara, kutoka Hadhramaut na Ngazija, wengine waliletwa kwa minyororo na hawakuulizwa. Nani kati yetu asiyekuwa na babu au bibi aliyeletwa na karafuu? Mgombea yule angeweza kusimama akasema, "Hata wangu kaletwa na karafuu," na wimbo ungekufa pale pale. Sentensi moja. Alikuwa na maiki mkononi na watu wake mwenyewe mbele yake.

Wengine wataniambia, fundi, unakuza jambo. Maneno hayavunji mfupa. Nawaomba wakakae na wazee walioishi kile kipindi ambacho Zanzibar nzima inakiita Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 mpaka 1963. Magazeti ya vyama yalirushiana maneno ya damu na asili mwaka baada ya mwaka, na matawini yakapokelewa na kuongezwa chumvi. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakasusiana maziko. Januari 1961 uchaguzi ukatoka viti 10 kwa chama cha ASP, 9 kwa ZNP na 3 kwa ZPPP, hakuna aliyeweza kuunda serikali kwa raha, ukarudiwa. Siku ya kura, tarehe 1 Juni 1961, fujo zikaripuka Unguja na watu 68 wakauawa. Waliofanya yale walikuwa ni watu waliokwisha kuzoea kuitana majina. Majina yale hayajafa; kila msimu kuna mtu anapanda nayo jukwaani akijua vyema yanachoma wapi.

Vyama vingi viliporudi, tukaingia uchaguzi wa 1995, na urais wa Zanzibar ukatangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Hapa Pemba baada ya hapo waliachana wake na waume kwa sababu ya chama. Misikiti iligawika. Mtu alifiwa na jirani yake hakwenda kumzika, na kwa Mpemba hilo ni jambo kubwa kuliko kupigwa. Sisemi kwamba kila msiba wetu umetokana na matusi ya mashabiki. Risasi walizopigwa waandamanaji Januari 2001 zina wenyewe na zina kesi yake mbele ya Mungu. Ila ule ubaridi wa jirani kwa jirani, ule ulijengwa kwa maneno, na maneno yalikuwa na waliopewa maiki.

Upande wa pili wa historia hiyo ndio unaonipa hoja yangu kubwa. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu wakakubaliana kuyamaliza. Siku chache baadaye Maalim Seif alisimama Kibandamaiti mbele ya wafuasi wake kuwaambia kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa ni Rais, na watu wake mwenyewe wakamzomea. Hakuwapa walichokitaka ili wamshangilie. Aliendelea kuwaeleza, siku ile na siku zilizofuata. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona. Watu waliokuwa hawazikani wakakaa baraza moja wakanywa kahawa.

Kwa hivyo mtu asije kuniambia kuwa kiongozi hawawezi mashabiki wake. Anawaweza. Wanamsikiliza yeye kuliko wanavyomsikiliza sheha au polisi au imamu. Walipoambiwa waache waliacha, na aliyewaambia alikubali kuzomewa kwanza.

Haikudumu, kama mnavyojua. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, na kwenye sherehe za Mapinduzi za Januari 2016 likaonekana bango la kuwakashifu Wazanzibari wenye damu mchanganyiko, limebebwa hadharani mbele ya macho ya watu na kamera. Ghadhabu ilifika hadi Bara, na hata ndani ya chama cha waliolibeba walipatikana wa kulilaani. Vizuri walilaani. Lakini bango ni kubwa, linaandikwa, linakauka rangi, linabebwa njia nzima, linapita getini. Wote walioliona likipita na wakaliacha lipite, hao ndio ninaowazungumza.

Sheria nayo imelitazama jambo hili, tena kwa muda mrefu. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyotumika kwa ubunge mpaka ikaja sheria mpya ya 2024, ilisema katika kifungu cha 108 kwamba ushindi wa mbunge unaweza kufutwa ikithibitika kuwa kwenye kampeni yalitolewa matamshi ya kutumia tofauti za kabila, rangi au dini, au tofauti ya jinsia pale wagombea walipokuwa mwanamme na mwanamke. Na haikuishia kwa matamshi ya mgombea mwenyewe. Ilitaja pia yaliyotolewa kwa niaba yake, kwa kujua kwake na kwa ridhaa au idhini yake. Hapo kwenye kujua na ridhaa ndipo mlango wa kutokea ulipo. "Sikujua," anasema mgombea. "Sikuwa nimemtuma." Na aliyetukanwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Mahakamani njia hiyo ni ndefu. Aprili 2012 Mahakama Kuu Arusha ilifuta ubunge wa Godbless Lema kwa sababu ya lugha ya kudhalilisha kwenye kampeni, na hayo yalidaiwa kuwa maneno yake mwenyewe, si ya mfuasi. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikamrejeshea kiti, ikisema waliofungua kesi walikuwa wapiga kura ambao haki zao wenyewe hazikuguswa. Sina ugomvi na majaji. Nataka tu muone: ikiwa neno la mgombea mwenyewe linachukua zaidi ya miaka miwili na linaishia kwenye swali la nani ana haki ya kushitaki, neno la mpambe wake litafika wapi? Ndiyo maana nasema tusisubiri mahakama. Kule uwanjani hakuna haja ya ushahidi wa kujua. Kakaa hatua tatu kutoka kwa msemaji, spika zinasikika mpaka kijiji cha pili. Kajua.

Na vyombo vyetu vikitaka kwenda haraka vinakwenda. Oktoba 2020 Kamati ya Maadili ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC) ilimsimamisha Maalim Seif asifanye kampeni kwa siku tano kwa maneno aliyoyasema kuhusu siku ya kupiga kura. Unaweza kuikubali hukumu ile au kuikataa, na wengi hatukuikubali, lakini ilionesha kwamba kamati inaweza kukaa, kusikiliza na kuamua kampeni zikiwa bado zinaendelea. Haraka hiyo hiyo itumike kwa mtu aliyetukanwa babu yake.

Nimejisomea pia wenzetu wa mbali walivyopitia haya, na Marekani wana mifano mpaka basi. Tarehe 29 Oktoba 1884, mjini New York, mgombea urais James Blaine alikaa akasikiliza wachungaji waliokuja kumuunga mkono. Mmoja wao, Samuel Burchard, akakiita chama cha wapinzani chama cha ulevi, Ukatoliki wa Roma na uasi. Blaine hakumkanusha pale pale. Mama yake mzazi Blaine alikuwa Mkatoliki. Maneno yakasambazwa New York nzima, mji uliojaa Wakatoliki wa asili ya Ireland, na siku chache baadaye akashindwa jimbo lile kwa kura elfu moja na ushei kati ya kura zaidi ya milioni moja, na urais ukaenda na jimbo hilo kwa Grover Cleveland.

Ule mwengine nimeutazama kwa video, na kwa kazi yangu niliutazama mkono kabla ya maneno. Tarehe 10 Oktoba 2008, Lakeville, Minnesota, mgombea urais John McCain alimpa maiki mama mmoja katika wafuasi wake. Mama yule akasema hamuamini Obama, kwamba ni Mwarabu. McCain akaanza kutikisa kichwa, akanyoosha mkono akaichukua maiki, akasema hapana mama, yule ni mtu muungwana, mwenye familia, raia, ambaye mimi na yeye tunatofautiana tu. Siku hiyo hiyo alizomewa na watu wake mwenyewe kwa kumtetea mpinzani. Ni kitendo kikubwa na ninampa haki yake. Lakini msomaji wa Zanzibar ataona na kasoro yake: kaulizwa juu ya Mwarabu akajibu kwa muungwana, kana kwamba hivyo viwili havikai kwa mtu mmoja. Sisi ambao neno hilo limetumika kutuulia watu hatuwezi kulipita bila ya kulitazama. Pamoja na hayo, angalau mkono wake ulikwenda kwenye maiki.

Halafu tarehe 27 Oktoba 2024, kwenye mkutano wa Donald Trump katika ukumbi wa Madison Square Garden, mchekeshaji aliyetangulia kupanda akakiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea baharini. Kampeni ikatoa taarifa kwamba mzaha ule hauwakilishi maoni ya mgombea. Mgombea mwenyewe akasema hamjui mtu yule. Hamjui, naye kapanda kwenye jukwaa lake, kwenye ukumbi aliokodi yeye. Mimi ni mtu wa kisiwani na neno lile lilinipata huku huku Pemba, ingawa halikutumwa kwangu. Wiki iliyofuata Trump akashinda. Naleta mfano huu kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wazuri wanaowaambia wagombea, "Wazuieni watu wenu, mtapoteza kura." Pengine watapoteza, kama Blaine. Pengine hawatapoteza hata moja. Hesabu ya kura isiwe ndiyo sababu, maana siku hesabu itakapogeuka, sababu itakuwa imekwisha.

Yako maswali ambayo wagombea huniuliza tukizungumza pembeni, na ni ya haki. Mmoja aliniuliza: na mamluki je? Upande wa pili ukimvisha mtu fulana yangu aje kutukana ili nionekane mbaya? Inatokea. Ndiyo sababu zaidi ya kumkana papo hapo; mamluki anakwisha kazi yake pale mwenye mkutano anapoichukua maiki. Mwengine akaniuliza juu ya makundi ya WhatsApp na hawa machawa wa mitandaoni, watu asiowajua kabisa wanaotukana kwa jina lake usiku kucha. Hapo namuelewa. Siwezi kumtwika mtu kila kitu kinachoandikwa na kila mwenye simu. Hatajua, na akijua la leo kesho kuna jengine.

Mimi naupiga mstari hivi. Mwenye nyumba akisoma maulidi na mgeni aliyemwalika akamtukana jirani barazani pake, jirani haendi kudai kwa mgeni, anakwenda kudai kwa mwenye nyumba; lakini hawezi kumdai kwa aliyoyasema mpita njia barabarani. Aliyepanda jukwaa lako, kwa ratiba yako, kwa fulana na posho yako, ni wako. Kundi la simu ambalo wewe au katibu wako ndiye msimamizi, ni lako. Nje ya hapo si mzigo wako mpaka utakapoambiwa. Ukishaambiwa, umeshajua, na anayejua akinyamaza karidhia.

Na kukana kwenyewe kuna namna. Tusi limetoka Konde kwenye spika nne, watu mia kadhaa wamelisikia. Mgombea anakwenda Chake siku tatu baadaye, ofisini, anawasomea waandishi karatasi kwamba chama chetu kinaheshimu utu wa kila mmoja. Watu wa Konde hawakuwapo. Mtoto aliyeimbiwa hakuwapo. Sura ya Al-Hujurat imetukataza waziwazi kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, sote tumeihifadhi tukiwa wadogo, na haikusema tuyakanushe ofisini.

Wapo wanaoweza. Wilaya ya Mkoani niliwahi kumfungia mitambo mgombea wa udiwani, mvuvi, mtu wa makamo ambaye hata kuzungumza mbele ya watu kulikuwa kunampa tabu. Mpinzani wake alikuwa mwanamke. Kwa wanawake wanaogombea matusi hayana hata haja ya kutungwa: mwili wake, talaka zake, nani anamlelea watoto akiwa kwenye vikao. Akapanda mama mmoja na kanga zake za chama, mwepesi wa maneno, akaanza: "Kaachika mara mbili huyu! Nyumba imemshinda, wadi ataiweza?" Vicheko vikaanza. Yule mvuvi akainuka kwenye kiti chake, akaja mpaka kwenye maiki akaifunika kwa kiganja, spika zote zikatoa mshindo mmoja. Nikapunguza. Akasema, bila ya kupandisha sauti: "Bi mkubwa, hilo hapana. Yule ni mtoto wa Kiislamu na nyumba yao na yetu zinatazamana. Mimi na yeye tuna mambo ya diko la wavuvi na ya barabara, haya ya talaka si yetu. Mimi namuomba radhi, na nyinyi mliocheka mumuombe radhi."

Uwanja ulipoa. Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Huyu anatuharibia." Yule mama akateremka kakasirika na hakurudi kwenye mikutano iliyofuata. Mvuvi akaendelea kwa kigugumizi na habari zake za diko, na mkutano ukafungwa kabla ya wakati kwa sababu hakukuwa na wa kuchangamsha tena. Nilifungasha waya zangu mapema. Yule mwanamke alipata habari usiku ule ule, na asubuhi mkewe mvuvi alipokwenda kisimani walisalimiana kama kawaida.

Kwa uchaguzi wa 2030 mimi nina ombi kwa Tume na kwa vyama vitakapokaa tena kutia saini maadili ya uchaguzi. Ratiba inayopelekwa Tume isiishie kwenye uwanja na saa. Iwe na majina ya watakaopewa maiki, wote, pamoja na waimbaji na wachangamshaji, na mgombea atie saini yake chini ya majina hayo. Likitoka neno la kumdhalilisha mtu, mgombea alikanushe mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye maiki ile ile na uwanja ule ule, kabla ya mkutano kufungwa. Akikaa kimya, Kamati ya Maadili imhesabie kuwa kalisema yeye. Mikutano inatakiwa iwe imefungwa saa 12 jioni, na katika ratiba zote zilizopita mikononi mwangu sijaona hata moja iliyokosa nafasi ya dakika tatu za kufanya hivyo.